GIABOKSI YA SAFU MBILI: TUHESABU KWANZA

Ndugu Mhariri,

Nakuomba unipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme machache juu ya jambo ambalo sasa linazungumzwa sana na madereva na mafundi wa kisiwa chetu cha Mafia, na hata na sisi wanafunzi baada ya masomo. Jambo lenyewe ni hii desturi ya kutoa giaboksi ya otomatiki katika motokaa ndogo inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, hasa Subaru, na kutia mahali pake giaboksi ya gia za mkono yenye safu mbili. Wako wasemao kuwa hiyo ndiyo dawa ya mchanga wetu. Wako wasemao kuwa ni kutupa fedha baharini. Mimi nasema kuwa kila upande una haki kidogo, na kwamba mwenye haki kamili ni yule ahesabuye meno kabla ya kushika spana.

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Sina gereji wala leseni ya udereva. Lakini mjomba wangu ni fundi hapa Kilindoni, na tangu nikiwa Kidato cha Pili nimemsaidia kila likizo: kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kumulika tochi, na kuandika orodha ya spea za kuagizwa. Kwa hiyo mengi ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona nimeyasoma.

Kila mtu wa Mafia azijua njia zetu. Barabara ya kutoka Kilindoni mpaka Utende, kilometa 14, ina lami, nasi twashukuru. Lakini gari la biashara haliishi juu ya lami. Pweza hawavuliwi kando ya lami, wala nazi haziangukii hapo. Mwenye gari hana budi kuiacha barabara kubwa na kushika vijia vya mchanga mpaka pwani au mashambani, tena arudi na mzigo. Hapo ndipo gari dogo lishindwapo. Magurudumu huzunguka, mchanga hurushwa, gari huketi juu ya tumbo lake, na watu huitwa waje kulisukuma.

Vijana wenzangu wakiona hivyo husema kuwa injini ni ndogo, itafutwe yenye tabo. Hilo si kweli. Mchanga haushindwi kwa mbio. Gurudumu likizunguka kwa haraka kuliko mwendo wa gari, huchimba shimo lake lenyewe, na injini kubwa hulichimba shimo hilo upesi zaidi. Kitakiwacho ni gurudumu lizunguke polepole lakini kwa nguvu, na mambo hayo mawili hupatikana katika gia.

Motokaa ya Subaru imepata sifa kwetu Afrika ya Mashariki kwa ajili ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1990 dereva Mkenya, Patrick Njiru, aliendesha Subaru Legacy akamaliza wa nane. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imetufanya tudhani kwamba gari hilo liliundwa kwa ajili ya mbio. Asili yake siyo hiyo. Huko Japani, shirika la umeme la Tohoku lilitaka gari la kuwafikisha wafanya kazi wake milimani wakati wa theluji, gari dogo lenye starehe kuliko jipu. Kutokana na haja hiyo, mwaka 1972 Subaru walianza kuuza Leone ya magurudumu manne. Baada ya miaka kadhaa ikaja na giaboksi ya safu mbili. Basi tangu mwanzo gari hili lilikuwa la watu waendao kazini polepole katika njia mbaya, na hao ni ndugu zetu hasa.

Sasa niieleze hiyo giaboksi. Giaboksi ya kawaida ya mkono ina gia tano za mbele na moja ya kurudi nyuma. Giaboksi ya safu mbili ina gia zizo hizo, lakini karibu na breki ya mkono kuna mkono mdogo wa pili. Ukiuacha mkono huo katika safu ya wepesi, gari huenda kama magari mengine. Ukiuhamisha kwenye safu ya nguvu, kila gia hupungua mwendo na kuongezeka nguvu, hata ile ya kurudi nyuma, na kurudi nyuma ndiko kunakomtoa mtu mchangani mara nyingi.

Inaongeza nguvu kiasi gani? Tufanye hesabu pamoja. Katika Forester nyingi za gia za mkono, gia ya kwanza hupunguza mwendo wa injini mara 3.454, na meno ya mwisho, yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu, hupunguza tena mara 4.111. Zidisha, utapata karibu 14.2. Maana yake injini izunguke mara 14.2 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Safu ya nguvu katika giaboksi iliyotumika sana katika Forester hupunguza tena mara 1.447. Zidisha 14.2 kwa 1.447, utapata karibu 20.5. Gurudumu la gari hili likizunguka mara moja hupita karibu meta 2. Basi injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, katika safu ya wepesi gari litakwenda karibu kilometa 8.5 kwa saa, na katika safu ya nguvu litakwenda chini kidogo ya kilometa 6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka. Na nguvu ya kuzungusha gurudumu imeongezeka kwa karibu asilimia 45, bila ya kubadili injini hata kidogo.

Hiyo si faida ndogo. Dereva asiye na safu ya nguvu, akifika penye mchanga mzito na mzigo, hulazimika kuishika klachi nusu nusu ili injini isizime, na baada ya safari chache klachi inanuka na kuungua. Mwenye safu ya nguvu huachia klachi yote, akakanyaga mafuta kidogo, na gari likatambaa.

Lakini tusidanganyane. Hiyo si Land Rover. Katika Land Rover Defender safu ya nguvu hupunguza mara 3.32, na hii yetu haifiki hata mara moja na nusu. Katika baadhi ya Subaru nyingine ni mara 1.196 tu, ambayo haipiti asilimia 20. Mtu akikuuzia giaboksi kwa kukuambia tu kwamba ni ya safu mbili, hajakuambia kitu bado. Muulize ni ya safu ngapi kwa ngapi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Jirani yetu mmoja, mfanya biashara ya samaki wa upande wa kaskazini, alinunua Forester ya otomatiki. Alikuwa akibeba masanduku ya barafu na samaki kuleta Kilindoni na kupeleka Utende. Alipochoka kunasa mchangani alilipeleka gari Dar es Salaam, na gereji moja huko, ambayo sina haja ya kuitaja, ikamtilia giaboksi ya safu mbili. Gari liliporudi watu walilishangilia. Lilipanda kutoka pwani na mzigo wake bila kusukumwa, na watu wawili wengine wakaanza kukusanya fedha ili nao wafanyiwe vivyo hivyo.

Hazikupita wiki tatu. Akiwa kwenye lami gari likaanza kujikaza kila alipokata kona, kama lililofungwa kamba kwa nyuma. Kisha likatoa mlio, kisha harufu ya mafuta yaliyoungua, na siku moja likasimama njiani na mzigo wa samaki. Samaki wale waliharibika. Wavuvi aliowakopa walitaka fedha zao, naye hakuwa nazo. Mtoto wake tunasoma naye shule hii, na muhula ule ada ya chakula ilichelewa. Sisemi hayo ili kumwaibisha mtu. Nayasema ili wasomaji wajue kuwa meno ya gia yaweza kufika mpaka kwenye sahani ya mtoto.

Mjomba alipolifungua gari lile nilikuwa pale, nami ndiye niliyepewa chaki ya kutia alama na kuhesabu. Giaboksi mpya ilikuwa na meno ya mwisho 37 kwa 9, ambayo ni 4.111. Difu ya nyuma ilikuwa ileile iliyokuja na otomatiki, nayo ilikuwa na meno 40 kwa 9, ambayo ni 4.444. Mafundi wale walibadili mbele wakaacha nyuma.

Wengi watasema kuwa tofauti ya meno matatu ni kitu gani. Tuitazame. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yote yako juu ya barabara moja, nayo yanapita masafa yaleyale. Yakizunguka mara 9, upande wa mbele unataka mizunguko 37, na upande wa nyuma unataka mizunguko 40. Tofauti ni mizunguko 3 kwa kila mara 9 za gurudumu, yaani mzunguko 1 kwa kila mara 3. Gurudumu moja hupita meta 2, kwa hiyo tofauti ni mzunguko mmoja kwa kila meta 6. Kutoka Kilindoni mpaka Utende ni meta 14,000. Gawanya kwa 6, utapata zaidi ya mizunguko 2,300 katika safari moja, isiyo na pa kwenda.

Mizunguko hiyo huangukia difu ya katikati, iliyo ndani ya giaboksi. Humo mna kikombe chenye mabamba membamba na mafuta mazito ya kunata, na kazi yake ni kuruhusu tofauti ndogo za kwenye kona na kuzuia upande mmoja usizunguke bure. Kikombe hicho hakikuumbwa kufanya kazi bila kupumzika. Mafuta yake yakipata moto hukaza, mbele na nyuma hushikana, na chuma kilicho dhaifu kuliko vingine ndicho kivunjikacho.

Hapa pana jambo la kukumbuka sana kwa sisi watu wa Mafia. Mchanga huficha kosa hili. Katika mchanga magurudumu huteleza kidogo kidogo, na ile tofauti hupotea kwa kuteleza. Kwa hiyo gari hujaribiwa penye mchanga, likasifiwa, na fundi akalipwa, kumbe lami ndiyo itakayolihukumu. Mtu akimaliza kutiliwa giaboksi asilijaribu penye mchanga peke yake. Alipeleke na kwenye lami, akate kona kali polepole, kulia na kushoto, asikilize.

Basi je, kazi hii ifanywe au isifanywe? Mimi naona ifanywe na watu wachache, na ifanywe kamili. Anayeifanya ajue kuwa hanunui giaboksi peke yake. Atahitaji klachi na flaiwili yake, pedali ya klachi na vyombo vyake, propela shafti ya urefu unaofaa kwa sababu ya otomatiki si sawa, mhimili wa kushikilia giaboksi, mikono miwili ya gia, na nyaya za kuwasha injini, kwani gari la otomatiki hukataa kuwaka mpaka lijue kuwa gia iko mahali pake. Zaidi ya yote atahitaji difu ya nyuma inayolingana. Njia ya salama ni kununua giaboksi na difu zilizotoka katika gari moja, siku moja, kwa muuzaji mmoja.

Ikiwa difu ipo na haijulikani hesabu yake, haina haja ya kupasuliwa. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka vigingi imara chini ya gari wala usitegemee jeki pekee, kisha fungua propela. Tia alama ya chaki kwenye magurudumu na kwenye kichwa cha difu. Mtu mmoja azungushe kichwa cha difu kwa mkono, na wengine wawili waangalie magurudumu yaende pamoja mpaka yatimize mizunguko 9. Kichwa cha difu kikizunguka mara 37, ni 4.111. Kikizunguka mara 40, ni 4.444. Kwa upande wa giaboksi, lipo bamba lenye namba zinazoanza na TY kwa gia za mkono. Namba hizo zisomwe na kulinganishwa na kitabu cha mafundi. Bamba likiwa limefutika, giaboksi hiyo isinunuliwe mpaka imefunguliwa ikahesabiwa.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaweza kukosea asubuhi na kurudi dukani mchana. Sisi hatuwezi. Spea yetu hutoka bara, ikapita Nyamisati au ikapakiwa ndege, na ikiwa si yenyewe itavuka bahari tena kurudi. Hesabu ya dakika kumi hapa yaokoa safari mbili za baharini. Jirani yangu alizilipa safari hizo zote, kwa difu na kwa giaboksi nyingine, na sasa gari lake linafanya kazi vizuri, mchangani na kwenye lami. Kwa hiyo si kweli kwamba giaboksi hii haifai. Inafaa sana. Isiyofaa ni kazi ya kukisia.

Kwa wengine wote, yaani mwenye gari lake la kwendea kazini, ambaye hugusa mchanga mara moja kwa wiki, namshauri aiache otomatiki yake. Nayo ina chombo chake cha mafuta kinachozidisha nguvu gari linapoanza kuondoka, ila hupata moto likihangaishwa mno, na hapo inafaa kusimama na kuliacha lipoe. Apunguze mzigo. Apunguze upepo wa matairi, kwa mfano kutoka 32 mpaka 20 hivi, ili tairi litandike juu ya mchanga badala ya kuzama, na asikate kona kwa kasi akiwa hivyo. Awe na pampu ya kujazia upepo tena kabla ya kurudi kwenye lami. Pampu ya mguu bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na giaboksi, na mara nyingi yatosha.

Sasa nina ombi kwa walimu wetu na wazee wetu. Wazee wangu, shikamooni. Wengi wenu husema kuwa kijana akishindwa hesabu apelekwe gereji akawe fundi. Nawaomba kwa heshima mlitazame tena neno hilo. Mafundi walioliharibu gari la jirani yetu hawakukosa nguvu wala spana. Walikosa somo la uwiano, ambalo sisi tumefundishwa darasani na kulisahau mara tu baada ya mtihani. Gereji ndipo mahali ambapo mtu aliyeshindwa hesabu atamtia mwenzake hasara.

Naomba pia chama chetu cha sayansi kitafutiwe giaboksi moja mbovu na difu moja mbovu. Gereji za hapa Kilindoni zina vyuma vya namna hiyo vilivyolala uani vikishika kutu kwa hewa ya chumvi, na mjomba amekubali kutoa difu moja bure, mradi watakaoichukua waioshe wenyewe. Tukiiweka katika maabara, Kidato cha Pili watahesabu meno kwa vidole, wagawanye, kisha wazungushe waone kama jibu la kwenye daftari ndilo jibu la chuma. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara moja hataambiwa na mtu yeyote kwamba meno matatu si kitu.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mwenye gari mchangani anaijua maana yake vizuri kuliko mtu mwingine. Nami nitafurahi kusoma katika gazeti la muhula ujao maoni ya wenzangu, hasa wale wasiokubaliana nami, lakini nawaomba waje na hesabu zao.

Wako,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne